Bidoni 223 ambazo hazikuwa za mtu

Mwaka huu katika parseli yetu tuligombana juu ya fakture ya maji. Tuligombana vibaya, na tukamlipisha mtu asiye na kosa. Tunaandika habari hii kwa sababu parseli kama yetu ni nyingi hapa Bukavu, iwe Kadutu, Ibanda ao Bagira: milango minne ao mitano, kontere moja, na fakture moja ya kugawana kila mwisho wa mwezi.

Sisi tuko familia nne. Mbele kuna nyumba kubwa yenye robine ya jikoni, dushi na WC ya ndani. Nyuma kuna nyumba ndogo tatu zinazoteka kwenye robine moja ya uani, na moja kati ya hizo ndiyo yetu. Katika nyumba ya mwisho anakaa mama mmoja mjane ambaye anaishi kwa kufua nguo za watu. Maji kwetu huja jioni na kukatika asubuhi, muda wa saa kumi hivi, kwa hiyo usiku ndipo yeye hujaza mabeseni yake. Sisi wengine tukiwa kitandani tunasikia robine inalia.

Kwa muda mrefu fakture yetu ilionyesha m³ 22, mara 23, ikizidi sana 24. Mwezi wa tano ikaruka mpaka 40. Mwezi wa sita ikafika 41. Hakuna aliyeongeza mtoto, hakuna aliyepokea wageni. Tukakaa uani jioni moja, tukatazamana, halafu sote tukamtazama mama anayefua. Kulikuwa hakuna haja ya kusema mengi. Tuliamua kwamba atalipa nusu ya fakture peke yake, na familia tatu tugawane nusu iliyobaki. Alijaribu kujitetea. Tulimwambia kwamba masikio yetu yanasikia robine kila usiku.

Alilipa mwezi wa tano. Alilipa mwezi wa sita. Na siku ya kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, binti yake wa sekondari alirudi nyumbani mikono mitupu: hakupewa biletini, pesa za shule hazikutimia. Sisi ni walimu, tunajua siku hiyo inavyomkaa mtoto moyoni. Tulimuona amekaa kwenye ngazi na inifomu yake iliyopigwa pasi vizuri, na hatukuwa na neno la kumwambia, kwa sababu tulijua pesa zile zilikokwenda.

Jioni ile mama yake alikuja mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Alisema tu: “Ninyi mnafundisha hesabu. Basi, hesabuni bidoni zangu.”

Tukaona haya, maana hilo ndilo jambo tulilopaswa kufanya tangu mwanzo. Tulichukua daftari, tukachora safu nne, tukalitundika kwa kamba karibu na robine ya uani. Kwa juma moja zima kila bidoni ya litri 20 iliandikwa. Nyumba ya mbele ilikubali kufunga robine zake za ndani na kuteka nje kama sisi wengine (mama wa nyumba ile alinung'unika siku mbili za kwanza, halafu akazoea). Jumatatu asubuhi tulisoma kontere, na Jumatatu iliyofuata tukaisoma tena.

Kontere ilisema zimepita m³ 10. M³ 1 ni litri 1,000, yaani bidoni 50. Kwa hiyo kontere ilihesabu bidoni 500. Daftari letu lilikuwa na bidoni 277. Nyumba ya mbele 75, sisi 55, jirani yetu 55, na mama anayefua 92. Ni kweli, yeye alitumia kuliko wengine, ni kazi yake. Lakini 92 katika 277 ni theluthi, si nusu. Na bidoni 223 hazikuwa za mtu yeyote.

Ndipo tulipoelewa kwamba maji yanapotea mahali ambapo hatuoni. Sasa tuwaeleze tulivyotafuta, ili ninyi msipitie njia yetu ndefu.

Kwanza jifunzeni kusoma kontere. Wengi tunaiacha kwa mtu wa shirika anayekuja na karatasi yake, kana kwamba ni siri. Namba nyeusi ni m³, na ndizo zinazolipwa. Namba nyekundu, ao vile visahani vidogo vyenye mshale mwekundu, vinaonyesha litri. Karibu kila kontere ina kagurudumu kadogo sana kanakozunguka hata maji yakipita kama uzi. Kagurudumu hako ndiko mpelelezi wenu. Fungeni robine zote za parseli, pamoja na ya WC, kisha tazameni. Kakizunguka na robine zote zimefungwa, kuna tundu mahali fulani baada ya kontere.

Tundu dogo kagurudumu kanaweza kulionyesha polepole sana, kwa hiyo ni vizuri kupima usiku. Sisi tulijaza kila mtu ndoo zake, tukafunga zote saa nne za usiku, tukaandika namba, na hakuna aliyegusa robine mpaka saa kumi alfajiri. Saa sita zilipita, na litri 380 zilikuwa zimekwenda. Hiyo ni zaidi ya litri 60 kwa saa. Mkizidisha kwa saa kumi za maji, halafu kwa siku saba, mtakaribia sana zile bidoni 223. Tulifurahi kwa namna ya ajabu, kama mwanafunzi ambaye jibu lake limekubali.

Lakini angalieni jambo moja linalotupata sisi tunaoishi kwa maji ya kukatika. Maji yanaporudi, upepo uliokuwa ndani ya tiyo hutangulia na unaweza kuzungusha kontere. Msianze kupima dakika ileile. Ngojeni maji yatoke bila kukohoa, ndipo mfunge. Na yakikatika katikati ya usiku, kipimo hicho si kitu, rudieni kesho.

Baada ya kujua kwamba kuna tundu, swali ni upande gani. Hapa robine kubwa za kufungia zinasaidia. Tulifunga ile inayopeleka maji nyumba ya mbele. Kagurudumu kakaendelea kuzunguka vilevile. Basi nyumba ya mbele ilikuwa salama, na kosa lilikuwa kwenye tiyo ya chini ya udongo, kati ya kontere na nyumba zetu za nyuma. Kama kangesimama, tungetafuta ndani ya ile nyumba, na tungeanza na WC.

Tuseme kidogo juu ya WC ya kuvuta, kwa sababu ndiyo mwizi mpole kuliko wote. Haimwagi maji sakafuni, inayapitisha kimya kutoka kwenye tanki lake mpaka shimoni, usiku na mchana. Chemsheni beterave moja ya sokoni, mmimine maji yake mekundu ndani ya tanki, na mtu asivute kwa nusu saa. Mkiona wekundu umeshuka kwenye bakuli la chini, mpira wa kuziba chini ya tanki umechoka. Ni kitu kidogo cha kununua na kubadilisha. Kama maji yanapanda mpaka yanamwagikia kwenye bomba la kupunguzia, basi ni boya lililo juu mno, lishusheni. Kahawa nzito nayo inafaa mahali pa beterave, lakini kwa bei ya kahawa siku hizi, afadhali beterave.

Turudi uani. Tiyo ya chini ya udongo haionekani, lakini maji yana tabia ya kujisema. Tulikuwa tumeingia kiangazi, mwezi wa saba, vumbi kila mahali, majani ya pembeni mwa njia yamekauka kabisa. Tukazunguka parseli tukitafuta mahali panapokataa kukauka. Watoto walikuwa wamepajua zamani. Chini ya ngazi, kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima, kulikuwa na kanda ya kijani, kuvu laini na majani mabichi, na maji yalikuwa yanachuruzika kidogo kati ya mawe mawili. Watoto walipaita chemchemi. Walikuwa wanaoshea hapo magari yao ya makopo. Sisi watu wazima tulikuwa tunapita hapo kila siku na bidoni mikononi, tukilia bei ya maji.

Kama ni ukuta wa nyumba wenye unyevu na hamjui unatoka wapi, bandikeni kipande cha plastiki juu ya ile sehemu, mzibe pembe zote kwa skochi, mkiache siku mbili. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Kikilowa upande wa nje tu, ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, fungueni madirisha. Rangi inayovimba kama lengelenge, chumvi nyeupe juu ya simenti, harufu ya uvundo katika chumba kinachopigwa na jua, hizo nazo ni alama. Dada zetu wa Goma wana taabu zaidi, kwa sababu kule tiyo zinapita juu ya mawe ya volkano na maji yanaingia katika nyufa bila kulowesha kitu. Wao wategemee kontere na masikio.

Ndiyo, masikio. Fundi tuliyemuita alikuja saa mbili za usiku, wakati maji yana nguvu, akiwa na kipande cha chuma cha betoni. Alisimamisha ncha moja juu ya udongo, nyingine akaiweka sikioni, akapiga hatua, akasikiliza tena. Alitupa nasi tusikilize. Mahali pa kawaida hakuna kitu. Karibu na ngazi ilisikika sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Hapo akachora duara kwa chaki tuliyompa, na asubuhi, baada ya maji kukatika, akachimba.

Kabla ya goti kuzama tulikuta kosa. Tiyo ya chuma ilikuwa imeungwa na tiyo ya plastiki kwenye kona, na fundi wa zamani, tusiyemjua, alikuwa amezungushia tu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akafunga, akafukia. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, mpira umeoza.

Mpira wa baiskeli wenyewe si mbaya, tusiusingizie. Tiyo ikipasuka Jumapili na fundi hayupo, fungeni maji, kausheni mahali penye tundu, mkate mpira mwembamba mrefu, muuzungushe mkiuvuta kwa nguvu, kuanzia upana wa kiganja kabla ya tundu mpaka upana wa kiganja baada yake, mrudie mara kadhaa, kisha mfunge kwa waya. Utawafikisha mpaka katikati ya juma. Ubaya ni kuufukia na kuondoka na pesa.

Sasa jambo ambalo lilitutisha kuliko fakture. Kutoka shimo lile mpaka shimo la choo chetu ni hatua tatu. Maji yakiwa na nguvu, yanatoka kwenye tundu kwenda udongoni. Lakini yakikatika, na sisi yanakatika kila asubuhi, tiyo inabaki tupu na inavuta. Robine ya chini ikifunguliwa mahali fulani, ile tiyo tupu inanyonya kile kilicho karibu na tundu, yaani matope ya pembeni mwa choo. Jioni maji yanaporudi, yanasukuma uchafu huo mpaka kwenye bidoni zetu. Katika mwezi wa tano na wa sita watoto watano wa parseli waliharisha, na kila mama alilaumu chakula chake. Sisi wenyewe tulimlaumu muuza mandazi wa karibu na shule. Katika Kivu hii yetu kolera haijawahi kuwa mgeni, na hakuna anayehitaji kuambiwa maana yake.

Kwa hiyo maji ya kwanza yanaporudi, hasa yakiwa na rangi, yaacheni yaende kwenye ndoo ya kufulia ao ya kupigia sakafu. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kwelikweli, ao tumieni dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Na mkiwa na tundu linalojulikana, msinywe bila kufanya hivyo hata siku moja, hata kama maji ni meupe kama machozi.

Jambo la pili ni kilima. Bukavu imekaa juu ya miteremko, na udongo wetu ukinywa maji mengi unateleza. Tunawaona wenzetu kila msimu wa mvua. Ukuta ule wa mawe ulikuwa umeanza kutoa tumbo mbele, na chini yake kuna nyumba ya mbao ya watu wengine, wenye watoto. Fundi alisema kama tungengoja mvua za mwezi wa tisa, udongo uliolowa tangu mwezi wa tano ungeongezewa mzigo mwingine. Hakusema zaidi. Baba wa nyumba ya chini alipanda kuangalia shimo, akasimama kimya muda mrefu, halafu akaomba koleo na kusaidia.

Matengenezo yenyewe yalikuwa ya siku moja. Fundi alikata chuma kilichooza mpaka akafikia kizima, akaweka kiungo kipya cha kuunganisha chuma na plastiki, akazungushia tefuloni kwenye meno ya uzi. Angalieni upande wa kuzungusha: tefuloni inafuata njia ileile ambayo kiungo kitakazwa, vinginevyo inajikunja na kutoka. Plastiki aliipiga msasa, akaifuta ikauka, akapaka gundi pande zote mbili, akaisukuma na kuizungusha kidogo, akaiacha. Tulimwambia jambo moja tu, na ninyi mseme hivyo: asifukie. Tungoje maji ya jioni, tufunge robine zote, tutazame kagurudumu. Alitaka kwenda, lakini alibaki. Kagurudumu kalisimama. Akafukia kesho yake, akitanguliza mchanga chini na juu ya tiyo ili mawe yasiibane.

Juu ya malipo: kampira ka robine na vitu vidogo vinavyochakaa kwa matumizi yetu ni vya mpangaji. Tiyo ya chini ya udongo ni ya mwenye parseli. Wetu alikataa mwanzoni. Tulimpelekea daftari, hesabu ya ile usiku, na picha ya ukuta wenye tumbo. Mwishowe alikubali tulipe sisi na pesa zikatwe kwenye kodi ya miezi miwili, na tuliandika karatasi, yeye akatia sahihi, sisi wanne tukatia sahihi. Bila karatasi msitoe faranga hata moja.

Na hizo robine zinazodondosha, msizidharau. Wekeni glasi chini yake. Glasi ya robo litri ikijaa kwa dakika kumi, hiyo ni litri 36 kwa siku kama maji hayakatiki, na kwa mwezi inapita m³ 1. Hakuna haja ya fundi. Fungeni maji, fungueni kichwa cha robine kwa pensi mkiweka kitambaa ili isichubuke, toeni kampira ka chini, mwende nako sokoni ili mnunue ka kipimo kilekile. Msikaze robine kwa nguvu mkidhani mnaiponya. Mnakata mpira haraka zaidi. Wasichana na wavulana wa darasa la sita wanaweza kuifanya kazi hii, tumewaona.

Ilibaki deni letu. Hesabu hii ilikuwa ngumu kuliko zote, na si kwa sababu ya namba. Tulichukua fakture za miezi miwili, tukaondoa kile ambacho mama anayefua angelipa kwa bidoni zake, na kilichobaki tukakigawa kwa familia tatu. Nyumba ya mbele ilisema wao hawakumlazimisha mtu. Tulibishana jioni mbili. Mwishowe zilirudishwa kwa mara mbili, nusu ya kwanza kabla ya muso wetu wa Jumapili, ya pili mwezi uliofuata, na binti akaenda kuchukua biletini yake. Alikuwa amepata 68 kwa mia.

Mama yake alizipokea pesa, akazihesabu mbele yetu moja moja, hakusema asante, wala hatukuitegemea. Aliomba kitu kimoja: daftari likae kwake. Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye anayeinama kusoma kontere. Juma lililopita alibisha kwetu mapema. Namba zilikuwa zimezidi litri 200. Tukaenda wote na taa za simu, tukaangalia ngazi, ukuta, robine ya uani. Ilikuwa WC ya nyumba ya mbele, boya limekwama. Alimwita mama wa nyumba ile, akamuonyesha mstari katika daftari, na akasimama pale mlangoni mpaka lilipotengenezwa.